Mtoto Ndani ya Hogo la Nyonga: Mwongozo wa Uuguzi wa Nyumbani

Hogo la nyonga, ambalo wengine huliita plasta ngumu au P.O.P., ni gamba linaloanzia kifuani, likazunguka tumbo na kiuno, kisha likashuka kwenye mguu mmoja au yote miwili hadi gotini au kwenye kifundo, nalo hufungwa mtoto akiwa bado amelala kwa dawa ya usingizi, mara tu upasuaji unapokwisha. Kazi yake ni kukizuia kichwa cha mfupa wa paja, ambacho ni cha mviringo, kisitoke ndani ya kikombe cha nyonga, yaani lile tundu la mfupa wa nyonga linalokipokea, mpaka misuli na mfuko wa nyama unaokizunguka kiungo vikaze katika mkao mpya. Kazi hiyo hogo huifanya lenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Mengine yote, kuanzia ngozi na haja hadi chakula, usingizi na hasira za mtoto aliyekuwa ameanza kukimbia, huachiwa watu wa nyumbani, na kwa kawaida hogo huharibikia huko: likilowa mkojo likalainika, au likichubua ngozi hadi ikalazimu kukatwa kabla ya wakati wake, kazi nzuri ya daktari huweza kupotea.

Sababu ya upasuaji

Sababu inayoongoza ya upasuaji wa namna hii kwa watoto wa mwaka 1 hadi 3 ni kasoro ya ukuaji wa nyonga, hali ambayo kikombe hubaki na kina kidogo mno na kichwa cha mfupa wa paja huteleza kikakaa pembeni au nje kabisa. Kasoro hii huwapata zaidi watoto wa kike, wazaliwa wa kwanza, waliotanguliza matako tumboni na wenye jamaa aliyewahi kuwa nayo, na nyonga ya kushoto huathirika mara nyingi kuliko ya kulia. Ikigunduliwa kabla ya miezi 6, mara nyingi hutibiwa bila kisu, kwa mikanda laini iliyobuniwa na daktari wa Kicheki Arnold Pavlik, ambayo huiweka miguu ya mtoto ikiwa imekunjwa na kutanuliwa.

Katika Afrika Mashariki kasoro hii si ya kawaida, na wataalamu wengi huhusisha jambo hilo na desturi ya kubeba watoto mgongoni, kwa kuwa mbeleko humtanua mtoto miguu na kukisukuma kichwa cha mfupa ndani ya kikombe chake, ilhali jamii zilizozoea kuwafunga watoto wachanga nguo kwa kuinyoosha na kuibana miguu zimekuwa na wagonjwa wengi zaidi. Nchini Japani, kampeni iliyoanza mwaka 1975 ya kuwashauri wazazi waache kuwafunga watoto kwa namna hiyo ilifuatiwa na kupungua sana kwa tatizo. Hata hivyo uchache huo una hasara yake, kwani jambo lisilotarajiwa huchelewa kuonekana, na mtoto huja kugunduliwa pale anapoanza kutembea akichechemea au mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Umri huo ukishafika, mikanda haifai tena. Daktari bingwa wa mifupa hulazimika kukifungua kiungo, kuondoa nyama iliyojaza kikombe na kukirudisha kichwa mahali pake, na kwa mtoto aliyepita miezi 18 mara nyingi huukata pia mfupa wa nyonga na kuuinamisha ili ukifunike kichwa vizuri, kwa njia ambayo Robert Salter wa Toronto aliichapisha mwaka 1961, au huufupisha mfupa wa paja. Watoto waliovunjika mfupa wa paja nao hufungwa hogo la aina hii, na mengi ya yanayoelezwa hapa yanawahusu.

Muda wa kukaa ndani ya hogo hutofautiana kulingana na upasuaji uliofanyika: mfupa uliokatwa huhitaji wiki 6 hadi 8 kuunga, ilhali nyonga iliyorudishwa bila kukata mfupa huweza kukaa ndani ya hogo kwa miezi 3, hogo likibadilishwa katikati. Mkao wa miguu nao hutofautiana, na pengine huwashtua jamaa wanaomwona mtoto kwa mara ya kwanza akiwa ametanuliwa kama aliye mbelekoni. Mkao huo umepimwa kwa makusudi. Miguu ikitanuliwa kupita kiasi, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hubanwa na mfupa huweza kufa, na ikitanuliwa kidogo mno kichwa huteleza tena, kwa hiyo si halali kwa mtu yeyote nyumbani kujaribu kuurekebisha, hata kama lengo lake ni kumpa mtoto nafuu.

Kabla ya kutoka wodini

Hospitali zenye uzoefu wa upasuaji huu si nyingi, na familia nyingi husafiri mbali kufika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, hospitali ya CURE iliyoko Kijabe nchini Kenya, au CoRSU nchini Uganda. Kwa sababu hiyo, mzazi anayerudi wilayani anapaswa kuondoka akiwa na namba ya simu ya wodi na jina la hospitali iliyo karibu na kwao yenye msumeno wa kukatia hogo, kwa maana dharura nyingi za hogo huondolewa kwa kulikata, na zahanati isiyo na kifaa hicho haitaweza kusaidia sana.

Jambo la pili, ambalo husahaulika kwa urahisi, ni kwamba anayepaswa kufundishwa na wauguzi ni yule atakayeshinda na mtoto. Ikiwa mama atarudi kazini na mtoto atabaki na bibi au dada wa kazi, basi bibi au dada huyo aitwe wodini, aoneshwe namna ya kumgeuza na kumbadilisha mtoto, naye afanye kwa mikono yake mbele ya muuguzi, kwa sababu maelezo yaliyopitia kwa mtu wa pili hufika yakiwa yamepungua.

Usafiri nao upangwe mapema. Bodaboda haifai kabisa. Bajaji na daladala iliyojaa humwacha mtoto bila pa kuegemea, na kiti cha kawaida cha mtoto ndani ya gari mara nyingi hakimwingii aliyetanuliwa miguu, hivyo ni vizuri kuwauliza wahudumu, siku kadhaa kabla, ni mkao gani utakaomfaa kwa safari iliyopo na namna ya kumfunga mkanda.

Siku za kwanza

Hogo la chokaa, ambalo ndilo la bei nafuu na linalotumika zaidi, huonekana gumu baada ya dakika chache lakini hukauka kikamilifu baada ya siku 2 au 3, tofauti na hogo la nyuzi za sintetiki ambalo ni jepesi na hukauka ndani ya nusu saa hivi. Katika muda huo wa kukauka, mtoto anyanyuliwe kwa viganja vilivyofunguliwa, maana ncha za vidole huacha mibonyeo ambayo kwa ndani hugeuka vinundu vya kuumiza ngozi. Hogo liachwe wazi lipate hewa, mtoto akigeuzwa ili pande zote zikauke, na lisikaushwe kwa jiko la mkaa wala kwa hewa ya moto, kwa kuwa joto huunguza ngozi iliyo chini yake ilhali mtoto mdogo hawezi kueleza anachohisi.

Vidole vya miguu ndivyo vinavyotoa habari za mguu uliofichika, kwa hiyo hukaguliwa kila baada ya muda mfupi siku ya kwanza, na baadaye mara kadhaa kwa siku. Ukucha hubonyezwa kidogo mpaka upauke, kisha huachiwa, na rangi yake inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi rangi huonekana vizuri zaidi kwenye ukucha na unyayo kuliko juu ya mguu, na kulinganisha miguu yote miwili husaidia. Vidole viwe na joto na mtoto aweze kuvichezesha. Vikiwa baridi, vimepauka au vimekuwa vya buluu, vimevimba sana, au mtoto akilia kwa maumivu yanayozidi ingawa amepewa dawa, hasa vidole vinaponyooshwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja asubuhi, kwani misuli iliyokosa damu hufa ndani ya saa chache.

Maumivu ya kawaida huwa makali siku mbili tatu za kwanza, yakichanganyika na mikazo ya ghafla ya misuli ambayo humwamsha mtoto akipiga kelele. Parasetamoli na dawa nyingine zilizoandikwa hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mtoto na kwa saa zilizopangwa, pasipo kusubiri alie kwanza. Aspirini haipewi watoto. Iko pia dalili moja isiyofahamika sana: mtoto akitapika mara kwa mara, hasa matapishi ya kijani, huku tumbo limejaa na kukaza, yawezekana hogo na mkao wake vinaubana utumbo, na hali hiyo hutibiwa hospitalini, wala haisubiri chai ya tangawizi.

Mkojo na ngozi

Katika uuguzi huu wote hakuna kinachodai bidii ya kila siku kuliko kuzuia unyevu, kwa kuwa mtoto wa umri huu hajaweza kudhibiti haja zake na uwazi ulioachwa katikati ya miguu ni mdogo. Njia iliyozoeleka ni kutumia nepi mbili: ya kwanza, ndogo kuliko saizi ya mtoto, huchomekwa kwa kingo zake ndani ya uwazi huo, mbele na nyuma, ili iushike mkojo kabla haujafika kwenye hogo, na ya pili, kubwa, hufungwa juu ya hogo lote ili kuishikilia ya kwanza. Pedi ya kike inaweza kuongezwa ndani ya nepi ndogo, hasa usiku. Nepi hubadilishwa kila baada ya saa 2 mchana na kila baada ya saa 3 au 4 usiku, na mara moja mtoto akijisaidia haja kubwa. Gharama hii si ndogo kwa wiki 6 au zaidi, na familia isiyoimudu inaweza kutumia vitambaa mchana, vikibadilishwa mara tu vinapolowa, ikabakiza nepi za dukani kwa ajili ya usiku. Kinachoshauriwa kwa mkazo ni kwamba akiba isitafutwe kwa kuiacha nepi iliyolowa ikae.

Kingo za uwazi hulindwa kwa utepe usiopitisha maji, uliokatwa vipande vifupi na kubandikwa kimoja juu ya kingine kuuzunguka mdomo wa hogo, sehemu moja ikiingia ndani na nyingine ikibaki nje, na vipande hivyo hubadilishwa vinapobanduka. Kichwa na kifua cha mtoto viwe juu kidogo kuliko kiuno wakati wote, kwa mito iliyopangwa mgongoni au kwa kuinua upande wa kichwani wa kitanda, ili mkojo uteremke kuelekea kwenye nepi badala ya kupanda mgongoni ndani ya hogo. Kumlaza mtoto bapa huku mto ukiwa chini ya miguu, kama watu wengi wafanyavyo kwa huruma, huleta kinyume chake. Mara moja au mbili kwa siku anaweza kulazwa kifudifudi bila nepi kwa muda, juu ya kitambaa, ili sehemu za haja zipate hewa.

Hogo likilowa, hufutwa kwa kitambaa kikavu na kukaushwa kwa feni au kwa hewa baridi ya kikaushia nywele. Uchafu wa kinyesi hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni kidogo mno. Likilainika, likipasuka au likilegea mpaka mtoto akawa anateleza ndani yake, halifanyi kazi tena na lazima daktari alione. Harufu ya mkojo uliokauka ni jambo la kuvumilia, lakini harufu ya kuoza, majimaji yanayojitokeza juu ya hogo, sehemu moja yenye joto kuliko nyingine, au homa isiyo na sababu nyingine huashiria kidonda kilichojificha.

Ngozi inayofikika hukaguliwa kila siku kwa tochi ya simu, kuzunguka kingo zote, na hupanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo na kukaushwa. Poda na mafuta, yakiwemo mafuta ya nazi ambayo bibi wengi huyaamini, hayapakwi ndani ya hogo wala kwenye kingo zake, maana poda hugeuka chenga za kukwaruza na mafuta huilainisha ngozi ikawa rahisi kuchubuka. Muwasho utakuwepo, na hasa katika joto la pwani utakuwa mkali, lakini hakuna kijiti, kalamu wala mpini wa kitana unaopaswa kuingizwa ndani, kwa sababu mkwaruzo mdogo usioonekana huweza kuwa kidonda kikubwa kabla ya hogo kuondolewa. Hewa baridi inayopulizwa kwenye mwanya, nguo nyepesi za pamba na kivuli ndivyo vinavyosaidia. Mtoto mwenyewe naye huwa mchunguzi, hutumbukiza sarafu, maharage na vipande vya biskuti kifuani, kwa hiyo mdomo wa juu wa hogo hufunikwa kwa fulana au kwa bibu wakati wa kula. Makombo na maziwa yaliyomwagika huvuta sisimizi, na mtoto anayelia usiku bila sababu inayoeleweka anastahili kumulikwa ndani ya kingo kabla ya kuhesabiwa kuwa anadeka.

Kumgeuza, kumbeba na kumlisha

Mtoto hugeuzwa kila baada ya saa 2 mchana na saa 4 usiku, mgongoni, kifudifudi na ubavuni, huku mito au khanga zilizokunjwa zikiijaza mianya iliyo chini ya hogo, na visigino vikiachwa vielee hewani bila kugusa godoro, kwani hapo ndipo vidonda vya mgandamizo huanzia. Ikiwa hogo lina fimbo iliyounganisha miguu miwili, fimbo hiyo haitumiki kama mpini wa kumwinulia. Ikivunjika, huvunja na mkao. Mikono hupita chini ya makwapa na chini ya makalio, na siku za mwanzo ni bora wawe watu wawili, maana mtoto na hogo la chokaa lenye unyevu huwa mzigo mzito kwa kiuno cha mlezi. Mbeleko iwekwe kando mpaka daktari aseme vingine: kitambaa huvuta miguu na kuusukuma ukingo wa hogo kifuani.

Chakula hutolewa kidogo kidogo mara nyingi, kwa kuwa tumbo limefungiwa na halina nafasi ya kutanuka baada ya mlo mkubwa, ingawa mahogo mengi huwa na tundu mbele ya tumbo kwa ajili hiyo. Kutocheza huleta kufunga choo, hivyo maji ya kutosha, papai, ndizi mbivu, mboga za majani na maharage viwe sehemu ya kila siku. Mtoto alishwe akiwa ameinuliwa, au akiwa kifudifudi huku kifua kikiwa juu ya mto, asilishwe akiwa amelala chali, na karanga ziondolewe kabisa kwa hofu ya kupaliwa. Wageni wanaokuja kumpa pole huja na biskuti na soda, na kukataa huonekana utovu wa adabu, lakini mtoto anayenenepa ndani ya hogo hubanwa nalo, kwa hiyo zawadi zipokelewe na kuhifadhiwa.

Usiku wa wiki ya kwanza kwa kawaida huwa mgumu, kisha watoto wengi huzoea ndani ya wiki moja au mbili, pengine upesi kuliko wazazi wao. Mtoto aliyekuwa akitembea hukasirika, huanza tena kudai kunyonya au kubebwa, na hilo ni jibu la kawaida kwa hali isiyo ya kawaida. Akiwekwa mkekani kifudifudi juu ya mto, karibu na wenzake, akiwa na vyombo vya jikoni vya kugongagonga, mchana wake hupita vizuri kuliko akifungiwa chumbani peke yake.

Hogo linapokatwa na baada yake

Msumeno wa kukatia hogo hutikisika haraka bila kuzunguka, hivyo hukata kitu kigumu na hauchani ngozi kirahisi, lakini kelele yake ni kubwa na mtoto hutishika. Baadhi ya hospitali humpa dawa ya usingizi, hasa ikiwa kuna pini za kuondolewa siku hiyo. Ngozi itakayoonekana itakuwa kavu, yenye magamba ya rangi ya udongo na pengine vinyweleo vingi, na miguu itakuwa myembamba na migumu. Magamba huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kwa siku kadhaa mpaka yaachie yenyewe, bila kusuguliwa, na mafuta huweza kupakwa sasa mahali ambapo ngozi haijachubuka.

Siku hizi za mwanzo bila hogo zina hatari ambayo watu hawaitarajii, kwani mifupa iliyokaa wiki nyingi bila kubeba uzito hudhoofika na huweza kuvunjika kwa kishindo kidogo. Miguu itabaki imetanuka kwa siku kadhaa, na isivutwe ili inyooke wala mtoto asisimamishwe kwa nguvu. Hapa ndipo shauri la kumpeleka kwa mchuaji hutolewa kwa nia njema kabisa, na hapa ndipo linapaswa kukataliwa waziwazi: kuchua na kuvuta nyonga iliyopasuliwa, pamoja na paja lililodhoofika, kumo miongoni mwa mambo machache yanayoweza kuharibu kila kitu kwa siku moja. Paja likivimba ghafla, au mtoto akikataa kabisa kuugusa mguu aliokuwa ameanza kuuchezesha, apigwe picha ya eksirei.

Mazoezi yanayofaa ni yale aliyoyaelekeza mtaalamu wa fiziotherapia, na mazuri zaidi kwa umri huu ni yale ambayo mtoto huyaona mchezo, kama kurusharusha miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu au kutambaa kufuata mpira. Atatambaa, atashika kiti, atasimama, kwa mpangilio wake mwenyewe. Kutembea huweza kuchukua mwezi mmoja au miwili, wakati mwingine zaidi, na kuchechemea huendelea kwa miezi kadhaa bila kumaanisha kwamba upasuaji umeshindwa. Baadhi ya watoto hupewa kifaa cha kuvaa usiku kinachoishikilia miguu ikiwa imetanuka, nacho huvaliwa kwa muda wote ulioamriwa hata kama mtoto anaonekana mzima.

Picha za eksirei huendelea kwa miaka, zikipungua idadi kadiri mtoto anavyokua, mpaka mifupa iache kurefuka, kwa kuwa kichwa cha mfupa kilichopungukiwa na damu huonyesha dalili baada ya miezi mingi, na kikombe kilichoonekana kizuri akiwa na miaka 3 huweza kubaki nyuma akifika miaka 7 na kuhitaji upasuaji mwingine. Kwa ajili hiyo, picha zote pamoja na karatasi inayoeleza tarehe, upande, aina ya upasuaji na kama kuna pini au vyuma vilivyobaki ndani zihifadhiwe na mzazi mwenyewe mahali pasipofikwa na mvua wala panya, na nakala yake ipigwe kwa simu, maana daktari atakayemwona mtoto katika mji mwingine atahitaji kulinganisha picha mpya na ile ya kwanza kabisa.